Redio Iliyotiwa Kombe

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nyumbani kwetu Mji wa Kale, niliunda redio ya kurushia sauti, na redio hiyo ikamfukuzisha kazi mwanamke ambaye hakuwahi hata kuigusa. Jambo hili bado linanikera. Linanikera kwa sababu ukweli niliusema tangu dakika ya kwanza, nikaurudia mpaka koo likanikauka, na hakuna aliyenisikiliza.

Rafiki yangu Rukia aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu, na nilitaka azungushe redio yao ya kawaida mpaka anikute mimi nikisema. Nilikuwa na mchoro nilionakili kwa fundi redio wa Bondeni, transista moja, betri, kipaza sauti nilichokitoa kwenye kinasa kibovu cha kaseti, na waya wa shaba niliouzungusha kwenye kalamu mara saba. Chombo kikafanya kazi. Lakini nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, kuta nene ajabu, na nikiwa ndani Rukia hakusikia ila mvumo. Nikisimama mlangoni alinisikia vizuri. Basi nikaamua chombo changu kikae pale pale, kwenye ufa ulio juu ya mlango. Kwa kuwa hewa ya chumvi hula kila kitu, nikakiviringa kwa kitambaa chekundu, nikakifunga kwa uzi mweusi, na ule mchoro nikaukunja nikautia humo humo usipotee.

Sina udhuru. Bibi, mamake mama, aliyenilea, alikuwa akitwambia kila mara habari za fingo, kitu cha uchawi: hufungwa kwa kitambaa likafichwa mlangoni kwa watu, na likishakaa, lazima mtu atoke nyumba ile, kwa talaka au kwa jeneza. Habari hizo nilizisikia mara nyingi hata nikaacha kuzisikiliza.

Bibi alikiona Alhamisi moja, alipokuwa akifagia utando wa buibui. Nilirudi kutoka chuo cha Kurani nikamkuta ameketi mkekani, kitambaa kimefunguliwa mbele yake, anahesabu mizunguko ya waya kwa ncha ya kisu kwa sababu hakutaka kuigusa.

"Saba," alisema. "Na hii karatasi itazame. Vijumba na nambari, mambo ya waganga."

"Bibi, hiyo ni redio yangu."

"Redio ile pale juu ya kabati."

"Ile ni ya kusikiliza. Hii ni ya kusemea. Nimeiunda mwenyewe."

"Wewe? Kwa mikono ipi?"

Nikamnyoshea vidole vyangu vyenye alama za kuchomwa na solda niliyounganishia waya. Akasema nilijichoma nikikaanga mahamri. Hayo mahamri sijayakaanga mpaka leo. Kisha akavuta bakuli la kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani zikasuuzwa kwa marashi, akakitumbukiza chombo changu kizima, betri na yote. Kikatoa vipovu.

"Waona?" akasema. "Chatoka."

Nilitamani kupiga kichwa ukutani. Ikabaki kumtafuta aliyekiweka, na Bibi hakuhangaika. Mama Kadzo, mfuaji wetu, alikuja mara tatu kwa wiki kutoka Bondeni. Kwao asili ni upande wa Kaloleni, ambako watu wa mjini husema kuna uchawi, na kwa Bibi hilo lilitosha. Miaka sita alikuwa amefua nguo zetu, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wanawe wawili.

"Mbona wamtetea?" Bibi aliniuliza nilipolia. "Keshakutia kitu wewe."

Kila nilipozidi kusema, ndivyo nilivyozidi kuwa ushahidi. Kesho yake Mama Kadzo akaambiwa asije tena. Hakugombana. Alijitanda kanga yake, akavaa ndara, akaenda zake. Bibi alikuwa amesema mtu atatoka, na mtu akatoka, naye akaona maneno yake yamethibiti.

Nikaapa nitaunda nyingine. Ilinichukua wiki tatu. Siku ilipokuwa tayari niliwasha redio ya Bibi pale kabatini, nikatoka njiani, nikasema: "Bibi, ni mimi Zuhura. Ulichokitia kombe kilikuwa kama hichi." Nikarudi mbio. Bibi alikuwa amesimama, ameweka kiganja juu ya redio.

"Sauti ni yako," alisema.

"Basi Mama Kadzo hakufanya kitu."

Aliizima redio. "Hakufanya."

"Twende tukamwambie."

"Mimi, na umri huu, nende Bondeni nikamwombe radhi mfuaji? Yameshapita hayo. Njoo unisaidie kuchambua mchele."

Sijapata kughadhibika vile. Wiki tatu nzima nilidhani kilichokosekana ni ushahidi.

Nikaenda peke yangu. Nilimkuta Mama Kadzo uani akifua nguo za watu wengine, rundo dogo kuliko letu. Nikamwamkia, nikamwonyesha chombo, nikamweleza yote. Kisha nikaongeza uongo, kwa sababu nilitaka yaishe.

"Bibi amenituma. Akuomba radhi."

Alikamua shati, akalianika, akanitazama bila hasira.

"Bibi yako ana miguu," alisema.

Siku hizi kazi yangu ni kufunga mitambo ya intaneti mjini humo humo. Bibi ameshafariki, Mungu amrehemu. Nampenda, na bado nimemkasirikia. Watu wakinihadithia habari za wazee wetu na mafingo yao huwa wanacheka ujinga wao, nami siwezi kucheka nao. Ujinga ungeisha siku ile aliposikia sauti yangu redioni. Bibi alijua, akaenda kuchambua mchele. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwa Mama Kadzo ni mwendo wa robo saa, na miaka yote hii nimekuwa nikimlaumu yeye kwa kutoutembea. Mimi niliutembea mara moja, nikasema uongo, nikaona haya, na sikurudi tena.