Vitabu vya Zidakani

Bi Rawiya hakuwa mtu wa vitabu, ila vitabu alikuwa navyo, na ole wake atakayevigusa. Vilikaa zidakani, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani mwa chumba cha ndani cha nyumba yao ya Amu, kisiwani Lamu, kila kimoja kati ya sahani mbili za kale. Babu yake alivinakili kwa mkono wake huko Siyu, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Pakiwa na harusi vilipanguswa vumbi vikapangwa upya, na wageni waliokuja kumtazama bibi harusi wakavitazama navyo, wakasema mashallah, hii ni nyumba ya watu wenye asili yao. Kusoma? Nani asome! Sahani zile nazo, kuna mtu aliyewahi kuzilia wali?

Ni bintiye, Shifaa, aliyeshindwa kuelewa mambo hayo. Mtoto yule alikuwa na maswali, Mungu amhifadhi, hata mwalimu wa chuo cha Kurani akimwona anakuja hujikohoza. Siku moja alipanda juu ya sanduku akateremsha kitabu cha mwezi na bahari. Mama akamkuta amekilaza mapajani, kidole kiko juu ya mchoro. Akataka kujua mbona mwezi umechorwa huku mwembamba, huku umejaa, na huyo aliyechora alijuaje. Bi Rawiya alimpokonya kitabu, akamwambia vile si vitu vya kuchezea, na mtoto wa kike wa kuuliza-uliza huchosha watu. Shifaa hakulia. Aliendelea kuuliza siku chache, kwa sauti ndogo, halafu akaacha. Majirani wakamsifu mama kwa malezi, naye sifa akazipokea.

Binti akakua, akaolewa Mombasa na Twahir, mwenye duka la vitambaa. Mke mpole, hana baya, hana neno.

Masika ya mwaka jana dari likavuja. Bi Rawiya, mjane sasa, akavitoa vitabu vyote akavianika uani juu ya jamvi, akawa anavifunua ukurasa kwa ukurasa upepo upite. Herufi alizijua tangu chuoni. Jicho likanasa mstari mmoja: bahari hujaa bamvua mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa kuwa jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja. Akausoma tena. Alaa! Umri wote ameishi hapa, maji ya bamvua yakipanda mpaka barabara ya pwani, wala hakuwahi kujiuliza sababu. Siku ile mchuzi uliungua jikoni. Tangu hapo akashikwa. Akimaliza kitabu anaingia kingine, anamsumbua imamu, anamsumbua muuza samaki, anateremka pwani kuhakikisha kama mwandishi alisema kweli. Mama mtu mzima! Alifurahi kama mtoto siku ya Idi, na furaha hiyohiyo ndiyo iliyomchoma, kwani kila alipofunua ukurasa alimwona Shifaa juu ya sanduku lile. Angekuwa nani, mtoto yule, lau angemwacha?

Shifaa alipokuja kwa Maulidi, mama hakumpa hata nafasi ya kupumua. Baada ya alasiri akamshika mkono, kitabu kwapani, wakateremka pwani. Bamvua ilikuwa imepanda, punda wanakanyaga maji barabarani. Bi Rawiya akaeleza yote, jua, mwezi, maji, huku akimwangalia binti usoni, roho juu. Shifaa alisikiliza kama anavyosikilizwa mkubwa: naam mama, naam. Kisha akainua buibui lake akasema afadhali wapite ndia ya ndani, huku watarowa.

"Huna la kuniuliza, mwanangu?" Bi Rawiya akasema. "Uliza. Lolote."

Shifaa akafikiri kwelikweli, kwa kuwa alitaka kumridhisha mamake.

"Sina, mama. Zamani nalikuwa nayo mengi, ukanikataza. Sasa nikitafuta sioni kitu."

Hakusema kwa uchungu wala kwa lawama, na hilo ndilo lililomuumiza mama. Laiti angemgombeza. Bi Rawiya akakifunga kitabu, akamfuata bintiye ndia ya ndani, kusiko na maji.