Profesa Hakutaniwa

Usiku ule Zuhura aliporudi na godoro lake kichwani, sikugombana naye. Nilimpakulia ugali na dagaa, nikamtazama akila, nikaanza kufunga madirisha. Mtoto wa bweni akirudi katikati ya muhula na begi, huenda anaumwa au amefukuzwa. Akirudi na godoro, amerudi moja kwa moja. Alikuwa kidato cha tano.

Alinieleza mwenyewe, kwa upole, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. Alisema Profesa, yule wa redioni, alikwishaliweka wazi jambo hili tangu zamani: shule ni kiwanda cha watumwa, na mwenye akili zake huiacha mapema kabla haijammaliza. Alisema ameamua kufunzwa na dunia. Nilimuuliza dunia itamfunza nini hapa Kilosa, akatabasamu, akanijibu kama anayenipa zawadi.

"Mbona wewe hukusoma, Dada, na hujapungukiwa na kitu?"

Maneno yalikuwa yangu. Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, mwaka ambao Mama alimfuata Baba kaburini, nikiwa na wadogo watatu nyuma yangu na Zuhura akiwa bado mgongoni. Wawili wamesoma, wamemaliza, wana kwao. Kila walipokuwa wakinionea huruma niliwaambia hivyo hivyo, sijapungukiwa na kitu, wakarudi kwenye madaftari yao. Sasa wa mwisho alikuwa amelitandika godoro lake sebuleni, na mimi nikaingia kulala.

Profesa alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Nchi nzima ilimwita Profesa tu, kana kwamba wengine hawapo. Kwao ni ng'ambo ya mto, na sisi na watu wa kwao ni watani. Akifa mtu wao ni haki yetu kuingia msibani na kumtania: tunavaa nguo zake, tunatembea alivyotembea, tunalala njiani jeneza lisipite mpaka tumeutaja uchoyo wake, uvivu wake na jinsi alivyokuwa akijipaka wanja wa ndevu. Wafiwa hucheka huku wanalia. Asiyetaniwa, wazee wetu wanasema, amefukiwa, hajazikwa. Mama yangu, Bi Tatu, alikuwa mtani wa kufuatwa mbali. Kuna watu walikuwa wakimwogopa wangali hai.

Nilikwenda msibani kwa Profesa nikashike nafasi ya Mama. Kijana wa kamati, kitambulisho kimening'inia shingoni, alinieleza kwa adabu kwamba kuna wageni wakubwa na leo si siku ya masihara. Nikapewa sahani ya pilau. Hotuba zikafuatana. Wakasema alituamsha, alituangazia, hatatokea mwingine. Hakuna aliyesema neno moja ambalo marehemu mwenyewe asingependa kulisikia.

Nikalala, basi, usiku ule wa godoro, na Mama akaja.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, amevaa koti la Profesa, lile la kaki la mifuko minne ambalo hata watoto walilijua, na miwani yake imemshukia puani. Nikamwamkia. Hakuitikia. Alinitazama juu mpaka chini, akasema nimezeeka vibaya. Kisha akainuka, tukapita jikoni, na upande wa pili wa jikoni ni makaburini.

Kwetu wanawake hatufiki kaburini siku ya maziko, lakini hapa hakuna anayetuzuia. Jua ni kali na halina joto. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, safu kwa safu, na wote ni marehemu. Namwona Baba, amekaa nyuma kabisa kama alivyokuwa kwenye mikutano. Wanapiga makofi. Hawaachi.

Profesa amesimama kando ya kaburi lake na sanda tu. Bila lile koti ni mtu mdogo, mabega kama ya kijana. Anataka kushuka. Kila akitia mguu, makofi yanamwinua, kama upepo unavyoinua mfuko wa nailoni, yanamrudisha juu, naye anasimama tena, ananyoosha sanda, anajaribu tena. Simhurumii bado.

Mama anaanza kutembea. Mikono nyuma, kidevu juu. Anasimama katikati ya watu, anavua miwani, anaifuta polepole kwenye pindo la koti, anatuacha tusubiri. Ndivyo alivyokuwa akifanya Profesa kila kabla ya kusema jambo zito, na hata kabla ya kusema jambo jepesi.

"Huyu bwana alipanda darini kwa ngazi," anasema kwa sauti ya Profesa. "Akakaa huko juu mwaka hadi mwaka, anatupigia kelele kwamba ngazi zinaua."

Makofi yanalegea. Profesa anamgeukia Mama kwa macho ya mtu mwenye kiu, anamsihi aongeze. Mama anamjibu kwamba yeye alikufa mapema, hakuwahi kumsikiliza sawasawa, na hamchambui mtu kwa kubahatisha. Ananisukuma mbele. Anasema huyu ndiye aliyekuwa akimsikiliza.

Nageuka, nami nimekaa kwenye dawati langu. Ni kidato cha kwanza, sweta langu limenibana kwapani, magoti yangu ya mwanamke mzima hayaingii chini ya meza. Profesa yuko ubaoni na chaki mkononi, na sanda yake imeingia vumbi. Hakuna mwanafunzi mwingine, ila Mama amekaa kwenye benchi la mwisho anachokonoa meno. Nanyoosha mkono, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, namuuliza kama aliamini alichokuwa akikisema kuhusu shule.

Anafikiri. Namheshimu kwa hilo, kwamba alifikiri.

"Mara ya kwanza niliamini," anasema. "Walipopiga makofi, sikuhitaji tena kuamini."

Namwambia kuhusu Zuhura. Namwambia habari ya godoro, na alama zake za hesabu, na mwalimu mkuu aliyenipigia simu akidhani kuna msiba. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza Zuhura ni nani. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza jina la mbuzi aliyepita.

Hapo nilipaswa kumchukia. Lakini nakumbuka mchana mmoja, miaka mingi iliyopita, naosha masufuria ya harusi ya watu, na redio iko dirishani. Profesa alikuwa anaongea. Alisema aliyebaki nyumbani akalea wenzake amehitimu chuo kisicho na joho. Nilisimama na povu mikononi. Nikanyoosha mgongo, na nadhani sikuukunja tena. Miaka mingapi nimekula na kulala juu ya sentensi ile. Namwambia hivyo, mbele ya ubao, na yeye anatabasamu, anainamisha kichwa kidogo, tabasamu la mtu aliyekwisha kuambiwa maneno hayo na wengi.

Kutoka nyuma Mama anacheka. Kicheko chake hakikuzeeka.

"Alikwambia kovu lako ni pambo," anasema. "Ndiyo maana ulimpenda, na ndiyo maana walimpenda wote. Na wewe ukalivaa mbele ya mtoto wangu. Sijapungukiwa, sijapungukiwa. Profesa wa pili huyu."

Namuuliza Mama, maana nataka aache kunisema mimi, basi sifa zote zile zilikuwa upepo?

"Makofi yalikuwa ya kweli. Mlitaka kuambiwa, akawaambia, na alijua kusema kuliko wote. Hakuna aliyemwomba ukweli."

Anavua koti. Ndani yake hana kitu, ni giza la kawaida tu, kama ndani ya kabati. Ananivisha, na miwani pia. Koti ni zito, linanuka naftalini, na mikono yake inanifika sawasawa kana kwamba fundi alinipima mimi. Dawati halipo. Tuko makaburini, na wafu wananingoja.

Navua miwani. Naifuta. Nawaacha wasubiri.

Nawaambia, kwa sauti yake inayotoka kifuani mwangu: wanangu wa Kilosa, ikimbieni shule. Mnaniuliza mbona watoto wangu wako shuleni Ulaya. Nimewatuma wakauchunguze ubaya wake. Wanauchunguza kwa bidii sana, mmoja yuko shahada ya pili ya kuuchunguza, na wakimaliza watawaletea habari.

Baba ndiye anayecheka wa kwanza. Kisha safu ya nyuma, kisha zote, na makofi yanakatika kwa sababu watu wamejishika mbavu. Profesa anacheka pia, ameshika sanda yake, meno yote nje, mtu mwenye aibu na mwenye raha. Anateleza taratibu kwenye udongo, anashuka, na hakuna kinachomrudisha juu. Nasikia anavyojilaza na kujigeuza, kama mtu aliyepata upande mzuri wa kitanda. Hakushukuru.

Nilidhani nimemaliza. Mama ananiambia bado nimevaa koti.

Basi naendelea, na sasa sauti ni yangu. Nawaambia habari za dada mmoja wa mfano, ambaye mtaa mzima humtolea mifano, hajapungukiwa na kitu. Huyo dada alikuwa akibeba sinia la maandazi asubuhi na kupita njia ndefu ya relini, ili asikutane na wenzake walio kwenye sare. Akiwaona kwa mbali, anageuka ukutani kama anayekojoa. Mwanamke, na sinia kichwani, anajifanya anakojoa kwa kusimama. Wafu wanacheka mpaka viti vinaanguka. Baba anacheka na kujifuta macho. Nawaambia hata leo nikipita shule kengele ikigongwa, miguu yangu hushtuka kama ya ng'ombe aliyezoea kamba. Wanacheka. Sijawahi kuumizwa vile na watu ninaowapenda, na sikutaka waache.

Mama alilichukua koti lake begani mwangu.

"Kamwambie Zuhura," alisema. "Hilo ulilonificha hata mimi wa kaburini."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Zuhura alikuwa uani anapuliza mkaa, kanga yangu kiunoni, ameanza tayari kuvaa maisha yangu. Aliponiona aliniambia nilikuwa nikicheka usingizini, na kwamba sauti ilikuwa nzito kama ya mwanamume, akaogopa kuniamsha. Nilimwambia Mama alikuja. Akaacha kupuliza. Hamkumbuki Mama, kwa hiyo habari zake huwa anazisikiliza na mwili mzima.

Sikumweleza habari za Profesa. Angenibishia mpaka jioni, na ananizidi maneno.

"Amesema nikwambie kwamba niliitamani shule, na ninaitamani hadi leo," nilisema. "Na mimi naongeza langu. Ukibaki hapa, Zuhura, nitakupikia, nitakufulia, nitakuuguza ukiumwa. Na nitakuchukia kila siku."

Moshi ulikuwa unamwingia machoni na hakusogea. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyegongewa mlango na mgeni, anajaribu kukumbuka walionana wapi.