Gari la Mkwe na Suruali Yangu

Ukipita Nyamongo ukaona kigari chekundu cha watu wawili, kifupi, hakina paa, halafu ukasikia vijana wa bodaboda wanamwita dereva wake "Suruali", usihangaike kuuliza, ni mimi. Nimeshakubali. Mwanzoni nilikuwa nanuna, siku hizi napunga mkono naendelea na safari, ila leo ngoja niwasimulie jina lilikotoka, maana kila mtu anatia chumvi yake na wengine wanasema nilikuwa uchi kabisa, jambo ambalo si kweli (bukta nilikuwa nayo, na soksi).

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha, na tangu utotoni nilitaka gari la mbio. La kununua siliwezi, basi nikasema nitaliunda mwenyewe, fremu ya mabomba nyuma ya kibanda changu, ila injini, giaboksi na difu (lile bonge la gia katikati ya matairi ya nyuma) lazima vitoke kwenye gari jingine unalolichinja. Na kuchagua hilo la kuchinja ndiyo kazi yenyewe. Nilitaka jepesi, la bei ya kutupa, linalosukuma kwa matairi ya nyuma. Pale Sirari nilionyeshwa moja, nikainama, nikakuta linavuta kwa mbele, nikaachana nalo. Jingine zuri lilikuwa limevushwa mpaka kutoka Isebania, upande wa Kenya, na kila nikimuuliza mwenyewe kadi ya gari ananijibu, "Karatasi ziko njiani, bosi," nikaona hapa nitaishia polisi.

Ndipo mchumba wangu Gati akanitajia gari la baba yake kule Genkuru. Gari dogo la zamani, limeegeshwa karibu na nyumba, juu ya mteremko wa zizi, miaka mingi, haliwaki, lakini mzee analijaza upepo kila sikukuu kwa sababu anaamini ipo siku litawaka. Na linasukuma nyuma. Usiku huo nililiota (Gati anisamehe, nilipaswa kumuota yeye).

Sasa, siku yenyewe nilienda Genkuru na baba yangu mdogo, na hatukwenda kwa ajili ya gari, tulikwenda kwa ajili ya Gati. Wazee walikuwa wakae wakubaliane ng'ombe wa mahari. Wakikubaliana nimepata mke, wakishindwana basi tena, maana kulikuwa na mwenye duka mmoja naye anapiga hodi pale kila mara. Mimi mwoaji nilitakiwa kusubiri nje. Kabla ya kuingia ndani, baba mdogo akanigeukia akasema, "Mura, kijana wangu, kaa kwenye hiki kiti. Usiguse kitu."

Kiti chenyewe kilikuwa kinatazamana na gari.

Nilijizuia, kweli nilijizuia, halafu nikajiambia nichungulie difu tu, mara moja, nirudi. Difu huchungulii umesimama, unalala uvunguni, na mimi nilikuwa nimevaa suruali mpya ya kijivu niliyoshona kwa ajili ya siku ile. Kwa hiyo nikaona busara (hebu oneni busara yenyewe) niivue, nikaitundika kwenye kioo cha pembeni, nikatandika gunia, nikaingia na shati langu na tai yangu. Ili nijue difu limelika au halijalika ilibidi gari liwe huru, basi nilikuwa nimeshalegeza hendibreki, nimetoa gia, nimeondoa na jiwe lililozuia tairi. Halikusogea hata kidogo, matairi yalikuwa yamezama kwenye nyasi. Nikashika propela, lile bomba refu linalozungusha difu, nikaitikisa. Imebana, haichezi, yaani difu bado zima. Nilifurahi mpaka nikasahau nilikuja kuoa.

Mara nikaona miguu. Kandambili za bluu, zinakuja taratibu upande ambao suruali haikuwepo. Mama mkwe. Kumbe kuku wake anatagia kwenye kiti cha nyuma cha lile gari. Na kwetu Wakurya mama mkwe anaheshimiwa kwa umbali, humshiki mkono, humpiti karibu, mkikutana njiani unampisha. Nikawaza nikohoe, nikawaza nimwamkie, lakini shikamoo ya mtu aliye uvunguni bila suruali inatamkwaje? Nikanyamaza. Akafungua mlango, akaokota mayai, akaubamiza mlango kwa nguvu kwa sababu ule mlango bila kubamizwa haufungi.

Gari likatikisika, likachomoka kwenye nyasi, likaanza kuondoka. Polepole, wala halikuwa na haraka. Difu nililokuwa nalisifia likapita juu ya kifua changu, likapita juu ya tumbo, kisha nikaona mbingu. Nimelala chali juu ya gunia, tai iko shingoni, na suruali yangu inapepea kwenye kioo inateremka kuelekea zizini. Likavunja ua wa zizi, ng'ombe wakatoka, na wazee nao wakatoka.

Mama mkwe alikuwa ameshageuka, amenipa mgongo. Akafungua kitenge chake cha juu kwa mkono mmoja (mayai yako mkono wa pili), akakirusha nyuma bila kutazama. Kikanifunika mpaka usoni, na mimi nikaona kinifunike hivyohivyo tu. Nilisikia aibu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Baba mkwe akaja akasimama juu yangu. "Ulikuwa unafanya nini chini ya gari langu?"

"Naangalia difu, mzee."

Akaitazama suruali kule zizini. "Na difu linaangaliwa bila suruali?"

Baba mdogo alikuja siku ile kupunguza ng'ombe, lakini baada ya hapo hakuwa tena na mdomo wa kupunguzia. Alichotajiwa alikubali chote, na mbuzi juu, wa mama mkwe, kwa ajili ya kile alichokiona. Nusu ya mabomba yangu niliyauza ili nilipe. Gati nilipewa. Na gari nilipewa, bure, mzee alisema nilichukue litoke machoni pa mkewe.

Siku ya harusi shangazi yake Gati aliniletea kifurushi kidogo. Akasema kimetoka kwa mama, na mama hana maneno ya kuongeza. Nikakifungua mbele za watu nikidhani ni saa.

Ulikuwa mkanda wa suruali. Wa ngozi, imara, wenye bizimu kubwa. Ninao kiunoni hivi ninavyoongea, na nikiitwa kuangalia gari la mtu, naingia uvunguni nimeufunga mpaka tundu la mwisho.