Mgomba Uliozikwa Badala ya Oboth

Habari ya kifo haina breki. Oboth alianguka asubuhi kwenye foleni ya mpaka pale Busia, mkono ungali umeshika usukani wa baiskeli yenye magunia ya vitunguu, na kabla jua halijafika utosini, nyumbani kwake Kiyeyi, upande wa Uganda, jembe lilikuwa limeshaingia ardhini. Rafiki yake Odeke alimwona hapumui, akatoa simu, akapiga nyumbani kusema amekufa. Hakungoja hata kidogo. Na huko nyumbani ndugu nao hawakungoja. Abbo, mkewe, mama wa Athieno, alijitupa uani akapiga ukemi wa msiba uliosikika ng'ambo ya bonde.

Kilichompita Odeke, kwa kuwa alikuwa amegeuka kando akilia kwenye simu, ni Wilkister, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa upande wa Kenya, aliyepiga magoti kwenye vumbi akaanza kukandamiza kifua cha Oboth kwa viganja viwili, kama alivyofundishwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kanisani kwao. Moyo ulikuwa umesimama ghafla. Alikandamiza mpaka mbavu zikaalika, na hakuacha mpaka gari la wagonjwa lilipofika na mashine ya kuushtua moyo. Oboth akarudi.

Lakini kaburi lilikwisha kuchimbwa, na kwa wazee wa Kiyeyi kaburi halifukiwi tupu. Likiachwa na njaa litamtafuta mtu wake. Basi wakakata gogo la mgomba, wakalilaza humo, wakalifukia. Oboth alipotoka hospitali alikuta tuta lake linamngoja mbele ya nyumba.

"Kumbe mlinizika vizuri," alisema, akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Hapo kifungo kikaanza, na askari jela alikuwa Abbo. Si vizuri kumsema hivyo mke anayempenda mumewe, lakini ukweli haupakwi rangi. Daktari alikuwa amesema Oboth ameze dawa, atembee, na baada ya miezi kadhaa akamruhusu kuendesha baiskeli taratibu. Katika maneno yote hayo Abbo alisikia "taratibu" peke yake. Aliifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya jiko, ufunguo akaufundika kwenye pindo la leso yake. Oboth akienda chooni, Abbo husimama nje akakohoa, na Oboth sharti akohoe kumjibu. Akisinzia kitini, kiganja cha Abbo kiko puani pake. Magugu yalimeza mihogo. Kwaya ya kanisa iliisahau sauti ya Abbo.

Na Oboth? Msidhani alikuwa shujaa. Moyo ukidunda vibaya kidogo tu alishika shati akatoa macho. Aliwafokea kuku. Siku nyingine alijificha nyuma ya ghala akalia bila kujua analilia nini, kisha akanawa uso na kurudi kitini. Mkewe aliona macho mekundu akadhani ni dalili za ugonjwa, akaongeza ulinzi. Wawili hao walilala kitanda kimoja, kila mtu na hofu yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Siku moja Wilkister akaja kuwatembelea, na omena kwenye kikapu. Abbo alimkumbatia mpaka kilemba kikamwanguka. Walipokwisha kula, mgeni aliutazama ule mnyororo wa baiskeli, akasema, "Mama Athieno, mimi pia sikuwa nalala. Hii mikono yangu bado inasikia zile mbavu. Hospitalini waliniambia kuna mshauri wa kuongea naye, nikasema hayo ni mambo ya wendawazimu. Nikaenda. Na bado naenda. Njooni, hata nyinyi."

"Huyu ndiye mgonjwa," Abbo akasema. "Mimi sina kitu."

Oboth aliweka bakuli chini. "Mama Athieno, mimi nakaa hapa kutoka asubuhi, naangalia kaburi yangu. Nakwenda choo, uko. Nalala, uko. Sasa niambie, mtu gani anakaliwa namna hii, haachwi peke yake hata kidogo? Si ni maiti? Wewe bado uko kwa matanga yangu."

Abbo alisimama. "Wewe ulilala! Hukusikia ile simu. Hukuona wakichimba. Wewe ulikufa tu, baba Athieno, ni mimi nilifiwa! Nani alikuja kuniambia kilio imeisha?"

Oboth alimtazama mkewe kama aliyemwona mara ya kwanza tangu arudi, na machozi yakamtoka hadharani, mbele ya mgeni. "Sikujua," akasema. "Pole. Pole sana."

Kesho yake Abbo aliamka mapema. Alifundua pindo la leso, akauweka ufunguo kwenye stuli karibu na chai ya mumewe, akabeba jerikeni.

"Nakwenda tu hapa kwa center, kwa maduka, narudi," Oboth akamwambia mgongo wake. "Jumatano tutaenda kwa yule mshauri. Sisi wawili."

Abbo hakugeuka, kwa kuwa alijijua. Akigeuka, ufunguo ungerudi lesoni. Alishuka mpaka kwenye chemchemi akaweka jerikeni chini ya bomba lake linalotiririka. Huko juu akasikia mnyororo ukianguka, kisha kengele ya baiskeli. Ililia langoni. Ililia tena kwenye mwembe wa jirani. Alijua Oboth anampigia yeye, na alitamani kumlaani na kumbariki kwa pumzi moja. Ikalia kwa mbali, kwenye kona ya kanisa.

Kisha haikulia tena. Huenda alikuwa amefika mbali. Huenda alikuwa ameanguka. Miguu ya Abbo ilitaka kukimbia, naye akaishikilia kwa kung'ang'ania bomba kwa mikono miwili. Jerikeni ilijaa, maji yakamwagikia miguuni, na yeye akabaki pale pale akisikiliza kama kuna mtu atakayepiga ukemi.