Siku Mama Alipokuja Kazini kwa Dada

Dada yangu alianza kuimba kwenye maulidi ya kijijini kwetu Baleni akiwa na miaka tisa. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko umri wake, na akina mama waliokaa nyuma walikuwa wakinyanyuka kidogo kutazama ni nani. Hilo halikumuudhi Mama. Kilichomuudhi ni pale dada alipojiunga na kikundi cha taarabu Dar es Salaam, akasimama jukwaani mbele ya wanaume asiowajua. Hakumfukuza. Kila sikukuu dada alikuja, alipikiwa na alilala chumba chetu kilekile, ila kazi yake haikutajwa pale nyumbani.

Mimi nilimjivunia kwa niaba ya sote. Nikienda dukani Kilindoni, mwenye duka, mzee wa Kihindi, aliongeza sauti ya redio wimbo wa dada ukipigwa, akawaambia wateja kwamba mimi ndiye mdogo wa mwimbaji. Baadaye dada akaingia kwenye filamu. Mara tatu mfululizo alipewa nafasi ya mke mwenza mkorofi, watu wakaniuliza kama ndivyo alivyo. Dada yangu, ambaye hata kuku hawezi kumchinjisha!

Kisha akaja kuigiza filamu kijijini kwetu. Aliigiza mjane anayefua nazi, kuzitoa makumbi, ili asomeshe watoto. Mama aliniambia anatuletea chakula tu, akakaa kwenye mkeka, mbali na kamera.

Mwongozaji alikuwa ameshamtafuta mwanamke mwingine wa kufua, ili kwenye picha ionekane mikono ya huyo tu, kwani aliogopa nyota wake asiumie. Dada alikataa. Alivua pete, akanipa nizishike, akajifunga kanga kiunoni na kuipiga nazi kwenye ncha ya kifuo, chuma kilichosimikwa ardhini. Ikateleza, chuma kikamkwaruza. Ya pili vilevile. Vijana wa kamera wakatazamana, na mwongozaji akamsihi aache.

Mama akainuka. Alipita katikati ya mitambo yao bila kumwomba mtu radhi, akaichukua ile nazi.

"Unatumia mikono," alimwambia dada. "Ilalie kwa mwili wote, halafu uipinde."

Akamwonyesha mara moja, akampa. Dada akailalia. Kumbi likaachia. Alifua nyingine, na nyingine, jasho likimchuruzika, na kamera ilikuwa imeshawashwa bila sisi kujua. Mwongozaji aliposema inatosha, dada hakusikia, au hakutaka kusikia. Alimaliza chungu nzima, na Mama akawa anamsogezea.

Mwongozaji alikuja kumshukuru Mama, akasema hajapata kuona mwigizaji anayejituma hivyo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ndivyo alivyo tangu mdogo," akajibu.

Tukirudi, jirani alitukuta njiani akamuuliza Mama ametoka wapi na vumbi lote lile la makumbi. Nilidhani atasema shamba.

"Nilikuwa kazini kwa mwanangu," Mama alisema, akatembea mbele yetu.