Msiba wa Kualikwa

Yudith hakuwa mtu wa kuchukia ovyo. Miaka thelathini alikuwa amesimama kwenye moshi wa misiba ya Uyole, mwiko mrefu mkononi, akipika wali wa watu mia tatu bila kipimo na bila kuunguza, na humo aliyaona mengi. Wajane waliofukuzwa udongo wa kaburi haujakauka, walevi waliolia kuliko wafiwa ili wapewe nyama, yote aliyameza. Lakini mdogo wake Mika alimtia kinyaa, tena kinyaa cha kukwama kooni.

Huyu Mika, tumbo moja na yeye, aliacha kuuza viatu vya mtumba akawa kocha wa maisha. Alikodi ukumbi kule Soweto, mjini Mbeya, akanunua suti ya kubana miguu, akaanza kufundisha watu habari za pesa, ndoa, afya na kazi, yeye ambaye mkewe alimkimbia na ngazi tatu tu zilimtoa jasho. Nyani haoni kundule. Na watu walijaa, jamani, wakaandika kwenye madaftari kama watoto wa shule. Aliwaambia wafute kwenye simu namba ya kila anayewarudisha nyuma. Ndugu akija na shida, wampe ushauri, maana ushauri haupungui. Somo lililopigiwa makofi kuliko yote lilikuwa la muda. Hatuendelei, alisema, kwa sababu ya misiba. Mtu anafunga duka siku tatu akakae chini kwa jirani ale wali! Tuma pole kwa simu, rudi kazini.

Yudith alipoletewa maneno hayo alikuwa anasugua sufuria, akatema mate kwenye majivu. Baba yao alipofariki, Mika akiwa darasa la tano, hao hao wala wali ndio waliochimba kaburi. Hao hao ndio waliomtafutia kaptula ya kuvaa siku ya mazishi, kwani ya kwake ilikuwa imetoboka matakoni.

Hata hivyo angemwacha na makofi yake, kama asingemchukua mama. Bibi Tusekile alikuwa na miaka themanini na moja, na alikuwa akiishi kwa Yudith, jikoni, kwenye kigoda chake karibu na moto, akipitiwa na kila mtu na kumsengenya kila aliyepita. Siku moja Mika alikuja na gari akasema mama wa kocha hawezi kukaa kwenye moshi. Akampeleka Soweto kwenye nyumba yenye geti. Huko magimbi yalipigwa marufuku, eti ni wanga. Alfajiri, na baridi ile ya Mbeya, bibi wa watu alizungushwa nyumba mara kumi kwa ajili ya afya. Na mgeni sharti apige simu kwanza.

Esnath, jirani yake Yudith, hakulijua sharti hilo. Alikwenda na wenzake wawili wa kwaya, mkungu wa ndizi kichwani, wakaambiwa getini kwamba Bibi anapumzika, waje Jumanne saa tisa. Walirudi na ndizi zao. Esnath aliutua mkungu mezani kwa Yudith akasema hawakuwa na miadi, basi. Yudith aliona aibu hata ya kuzipika zile ndizi.

Yeye mwenyewe aliruhusiwa kumwona mama yake mara mbili. Mara ya pili mama alimshika kiganja akamvuta karibu. "Nikifa usiniache na wageni hawa. Nilaze kwa baba yenu, na watu wangu waniimbie." Yudith akaahidi.

Mama alifariki Jumatano asubuhi. Na Yudith alijuaje? Alikuwa sokoni anachagua nyanya, simu ikalia kengele ya ujumbe. Familia ya Kocha Mika inakualika katika hafla ya kumuaga Bibi Tusekile, Ijumaa, saa nne kamili hadi saa sita kamili. Mazishi yatafanyika makaburi ya mjini, ambako maegesho ya magari yanatosha. Tafadhali thibitisha ushiriki wako.

Maegesho! Mtoto wa kwanza wa marehemu anaalikwa kwa mama yake kama mtu wa kamati ya harusi! Nyanya zilimtoka mkononi. Alilia pale pale kwenye tope la soko, kisha akapiga simu, akamweleza Mika ahadi aliyompa mama. Mika alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu ile ya ukumbini, akamjibu, "Dada, kila kitu nimeshapanga. Hisia hazimziki mtu." Yudith akakata simu.

Alipofika nyumbani alikuta uani pameshawekwa mafiga. Wanawake walikuwa wanashusha kuni, wengine wametandika mikeka, na mtu alikuwa ameshachukua funguo kwa jirani akafungua jiko. Hakuna aliyetumwa. Uyole mtu akisikia kilio anabeba ndoo, anakwenda. Yudith akawaambia mwili hauko kwake, uko mikononi mwa Mika, na mazishi ni mjini.

"Soweto hatukualikwa," alisema Esnath, akitia maji kwenye sufuria. "Hapa tumesikia."

Mzee Yotamu, aliyekuwa akiongoza wachimba kaburi wa mtaa, hakukubali kuchimba, kwani shimo halifunguliwi kwa mwili usiojulikana kama unakuja. Lakini alichukua fyekeo akasafisha majani kando ya kaburi la baba yao. Kisha akakaa na wenzake pembeni, wakangoja.

Alhamisi mchana Mika alitokea. Alikuwa amealika watu mia mbili, na waliothibitisha walikuwa kumi na mmoja, wengi wao wapiga picha. Waliobaki, wanafunzi wake wazuri, walituma pole kwa simu na picha za vikono vya kusali. Mmoja alimwandikia kwamba analinda muda wake, kama kocha alivyofundisha. Hakuwa na wanaume sita wa kubeba jeneza. Alisimama na suti yake akiutazama uwanja uliojaa hadi barabarani, wanaume wamevua kofia, wanawake wakiimba huku wakimenya viazi.

"Dada, hawa wote nani amewaalika?"

Yudith alikuwa na maneno ya kumpasua. Aliyameza kwa sababu ya ile ahadi. "Mlete Mama," alisema.

Akamleta. Ijumaa Bibi Tusekile alilazwa kando ya mumewe, akaimbiwa nyimbo zake zote, na hakuna aliyetazama saa. Baada ya hapo Mika alivua koti akasugua sufuria moja, machozi yakidondokea majivu, na Yudith alipomwona hivyo moyo ulianza kulegea. Mtu hujifunza, alijiambia.

Jumatatu Esnath alikuja na simu yake, uso umemsinyaa. Ilikuwa picha ya Yudith ameinama kwenye sufuria ya msiba, khanga imemlegea, kamasi puani. Juu yake Mika alikuwa ameandika: Siri tano za kujaza watu msibani kwako. Somo kutoka kwa marehemu mama yangu. Wekeza kwa watu. Semina Jumamosi, nafasi chache.

Yudith akakaa chini. Alitoa simu yake akalitafuta jina la Mika, akaweka kidole. Esnath akamwambia amfute, si ndivyo mwenyewe anavyofundisha? Kidole kilikaa pale muda mrefu.

"Nikimfuta, akifa nitasikiaje?" alisema Yudith. "Na nani atampikia?"

Akaifunga simu kwenye pindo la khanga, akatema mate. Mtaa wa juu kilio kilikuwa kikisikika tangu asubuhi, na maharage yalikuwa hayajachaguliwa. Akachukua mwiko wake.