Kijitabu kilichokunjwa mara nne

Jamani, leo nusura nifutwe kazi. Niko kwenye treni ya kurudi nyumbani Doonside, huku ughaibuni.

Si mnajua kazini maktabani naskani vijitabu vya Waingereza wa kale waliomtukana mfalme wao?

Nimeweka kimoja mezani, cha karatasi moja tu, nikageuka kuwasha mashine. Kurudi, meza tupu!

Karatasi ya miaka zaidi ya mia tatu. Na viatu vya bosi navisikia koridoni.

Mama Furaha, Mkongomani anayetusafishia ofisi, niliyekwisha kumweleza kinasema nini, akafungua kiganja. Kimo, kimekunjwa mara nne.

"Nilisikia viatu, nikakificha. Mikunjo ilikuwamo tayari, mwanangu. Njo vile tulikuwa tunapitisha makaratasi mbele ya maaskari kule kwetu."

Nikakikunjua. Hakijachanika popote!

Bosi akachungulia, akapita.

Mama Furaha akaninong'oneza: "Na mwenye aliandika, walimukamata?"

Kijitabu hakina jina la mtu. Nikamwonyesha mahali pa jina: aliyeandika hajulikani hadi leo.